Barafu ya Kariokor Ianzie Sufuriani

Kwa akina mama wanaouza barafu Kariokor, kwa wanaonunua, na kwa wakubwa wa kaunti,

Ninawaandikia kutoka Lowell, Massachusetts, huku Marekani. Dada yangu amenipigia simu akaniambia kuna mama kwenye flati zetu aliyekatazwa kuuza barafu mlangoni, kwa sababu kipindupindu kimeanza kutajwa tena mjini. Amechomoa friji kwenye stima, na friji yenyewe hajamaliza kuilipia. Habari hiyo imeniuma sana, maana mimi ni mtoto wa barafu. Karo yangu ilitoka kwenye friji ya mama.

Asiyekulia Eastlands ya Nairobi huenda akaona barafu ni mchezo wa watoto. Sivyo. Jua la saa saba likiwaka, mafundi wa viatu vya akala pale sokoni humtuma mtoto akawaletee barafu. Wachoma nyama nao, walioshinda mbele ya moto tangu asubuhi, hutuma. Wanafunzi wakitoka shule hawangoji kutumwa. Unang'ata pembe ya karatasi ya plastiki iliyogandishiwa juisi, unafyonza. Rangi na utamu hutangulia, na mwishoni unabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Juisi inapowekwa kwenye friji, maji ndiyo huganda kwanza, sukari ikasukumwa kando, kwa hiyo sharubati ile nzito ndiyo hutangulia kuyeyuka mdomoni. Kipande cheupe kinachobaki karibu chote ni maji, na ni maji yaleyale yaliyotekwa bombani, pamoja na chochote kilichokuwa ndani yake.

Baridi haiui vijidudu vya kipindupindu vyote. Vinavyosalia huvilaza tu, na barafu ikiyeyuka tumboni vinaamka. Peru ilipovamiwa na kipindupindu mwaka 1991, vinywaji vya mitaani vilivyotiwa barafu vilikuwa miongoni mwa njia zilizokieneza. Kwa hiyo anayeogopa barafu hana wazimu. Ninachopinga ni kumwekea mama lawama ya maji ambayo hakuyatengeneza.

Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, nayo husafishwa kabla ya kuingia mjini. Taabu huanzia njiani. Siku za mgao bomba hukauka, na bomba tupu lenye ufa huvuta ndani chochote kilicho nje yake, hata majitaka ya mtaro. Maji yakirudi, yale ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote. Tafadhali, yale pigieni deki au mwagieni choo. Msiyaguse kwa barafu, hata kama mitungi yote imeisha maji na watoto wamepanga foleni mlangoni.

Hapa ninapoishi barafu iliwahi kuwa biashara kubwa. Mabwawa yakiganda, vibarua waliikata kwa misumeno, ikafunikwa vumbi la mbao na kupakiwa melini. Mwaka 1833 meli ya Tuscany iliondoka Boston na tani 180 hivi, ikavuka ikweta mara mbili, na miezi minne baadaye ikafika Calcutta ikiwa bado na tani 100 hivi. Baadaye miji ilikua, mito ikachafuka, na barafu iliyokatwa humo ikaanza kuhusishwa na homa ya matumbo. Watu hawakuacha barafu. Walianza kuitengeneza kwa maji safi. Na majirani zetu wa Lawrence, waliokuwa wakinywa maji ya Mto Merrimack baada ya mto huo kupokea uchafu wa Lowell, walikufa kwa homa hiyo hadi mji wao ulipojenga kichujio cha mchanga mwaka 1893. Vifo vikashuka sana. Aliyejenga kichujio ni mji. Wakubwa wa kaunti, hapo ndipo ninapowaomba mtazame. Pimeni maji ya mabomba ya Kariokor na mbandike majibu hadharani, zibeni nyufa, na siku za mgao zitangazwe mapema. Kumfungia mama friji hakusafishi tone moja.

Nanyi akina mama, chemsheni kabla ya kuchanganya. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100. Yanatosha kabisa. Yaacheni yatokote dakika tatu, myafunike, yapoe yakiwa yamefunikwa. Sukari na juisi zitiwe baadaye kwa kijiko kilichopitishwa kwenye maji moto. Anayeweza ajaribu ukwaju kama wanavyofanya Mombasa. Vijidudu vya kipindupindu havipendi uchachu, ingawa ukwaju hauwezi kushika nafasi ya kuchemsha.

Kuhusu karatasi, zile zimepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inafika shilingi milioni nne. Najua wengine bado wanazipata kwa kificho. Mimi naunga mkono marufuku ile, kwa sababu nimeuona Mto Nairobi pale Gikomba ulivyosongwa na plastiki. Gandisheni kwenye vikombe vigumu, mtoto ale palepale mlangoni na kikombe kirudi kuoshwa. Au tumieni vibati vya kutilia vijiti. Mama yangu alianza na vikombe vya chai, kabla hata ya karatasi kuzoeleka pale kwetu, na wateja walirudi.

Gesi ya kuchemshia ni gharama, nalijua hilo, na kuongeza bei kwa shilingi mbili kunaweza kumfukuza mtoto. Ndiyo maana sisi tuliotoka Kariokor tulio huku tumeanza kuchanga, tununue mitungi ya gesi na sufuria kubwa zenye vifuniko. Friji ya yule mama tutamalizia malipo yake kwanza. Waliobaki, mwambieni dada kabla ya mwisho wa mwezi kama mnataka vikombe au vibati vya vijiti, na ni vingapi kwa kila nyumba.

Wenu,
Mtoto wa Kariokor