Mja Mzito na Safari ya Mapumziko



Mwezi wa Julai, baada ya sala ya Alasiri, alitujia kijana mmoja wa mtaani akiwa na suala la kifikihi. Likizo ya shule ya Agosti ilikuwa imekaribia, naye alikuwa amekwisha kulipia safari ya Abu Dhabi, aliko nduguye anayefanya kazi huko. Wangepanda treni hadi Nairobi, kisha ndege, na wakifika wangewapeleka watoto wao watatu kwenye zile bustani kubwa za michezo ambazo watoto hao wamezitazama kwenye simu mwaka mzima. Alichotaka kujua ni kama angeruhusika kupunguza sala na kuzikusanya kwa siku kumi za kukaa huko.

Tukamjibu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiondoa siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukoma kuwa msafiri mara anapofika, na husali sala zake kamili. Ruhusa yake ni ya njiani, kwenda na kurudi. Akaridhika, akainuka. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni akasema, kama mtu anayeongeza jambo dogo, kwamba tumwombee dua mkewe, kwani siku za safari mimba yake itakuwa imetimia miezi saba.

Tukamwita arudi akae.

"Na mwenyewe asemaje?" tukamuuliza.

"Sheikh, hakusema kitu. Amekubali tu."

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya, kwa maana si mara ya kwanza kulisikia. Mke hakusema kitu, na kutosema kwake kukahesabiwa kuwa ni ridhaa. Ni kweli kwamba sharia imekifanya kimya cha mwanamwali kuwa idhini yake anapoposwa, kwa sababu ya haya alizo nazo. Lakini hukumu hiyo ina mahali pake. Wanavyuoni wetu wana kanuni nyingine iliyo pana zaidi, kwamba aliyenyamaza hanasibishwi na neno ambalo hakulisema. Mama aliyebeba mimba na akanyamaza huenda amenyamaza kwa kuwa watoto wanahesabu siku, tikiti zimekwisha lipiwa, na hataki kuitwa mharibifu wa furaha ya nyumba.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi kwamba mapumziko ni jambo la kulaumiwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bi Aisha wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda yeye. Mwenye kucheza na ahli zake amefuata mwenendo mwema. Wala hatusemi kwamba mimba ni kifungo. Bi Asmaa binti Abubakar alihama kutoka Makka kwenda Madina akiwa na mimba iliyokaribia siku zake, akajifungua Kubaa mwanawe Abdallah bin Zubayr, aliye mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina huko Madina. Na Bi Asmaa binti Umays, mkewe Sayyidna Abubakar, alitoka kwenda kuhiji pamoja na Mtume katika mwaka wa 10 wa Hijra, akajifungua Dhul-Hulayfa, safari ikiwa bado mwanzo. Mtume akamwamuru akoge, ajifunge kitambaa, na ahirimie. Hakukemewa kwa kutoka.

Basi kuna tofauti gani kati ya mabibi hao na mke wa kijana wetu? Tofauti ni ile haja iliyowatoa. Wanavyuoni wameyapanga maslahi ya mja kwa daraja tatu: ya dharura, ambayo bila yake dini au uhai huangamia, ya haja, ambayo bila yake mtu hupata dhiki, na ya kupendezesha maisha. Hijra na Hija zina uzito usiokuwa na mfano. Safari ya bustani za michezo imo katika daraja la mwisho. Ni halali, na huenda ikawa na thawabu kwa nia njema, lakini hailingani na uhai wa mama wala wa mtoto. Na kanuni ya fikihi yatufunza kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa. Kadiri haja ya safari inavyokuwa ndogo, ndivyo hatari tunayoruhusiwa kuibeba inavyopungua.

Sasa tuitazame hatari yenyewe, kwani sheikh asiyejua hali ya jambo hawezi kulihukumia. Haya tuliyasikia kwa wakunga na madaktari, na kila mama aweza kuyauliza kliniki.

Kwanza, wakati. Watabibu wengi husema kwamba kipindi chepesi cha mja mzito kusafiri ni miezi ya katikati, takriban wiki ya 14 hadi ya 27, pale kichefuchefu kinapokuwa kimepungua na tumbo halijawa zito. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na huzuia kusafiri baada ya wiki ya 36, au wiki ya 32 kwa mwenye pacha. Mke wa kijana wetu angeingia ndegeni katika kipindi hicho cha barua, na mumewe hakuwa na habari yoyote ya barua.

Pili, kukaa muda mrefu. Treni ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama saa tano hadi sita, na ndege ya kutoka Nairobi hadi Ghuba ni takriban saa tano nyingine, mbali na kungoja vituoni. Mimba huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu, na kukaa bila ya kujinyoosha huuzidisha. Yafaa mama ainuke atembee kidogo kila baada ya saa moja au mbili, anywe maji, na mkanda wa kiti aufunge chini ya tumbo, usawa wa nyonga, si juu yake.

Tatu, joto. Agosti ni katika miezi mikali kabisa ya Ghuba; mchana hupita digrii 40. Sisi wa Pwani twajidai kuwa twalijua joto, lakini upepo wetu wa kusi wa mwezi huo ni rehema ambayo wenzetu wa huko hawana. Mja mzito hupungukiwa na maji upesi, akashikwa na kizunguzungu na kuzimia. Likizo ya Desemba ingekuwa na hali ya hewa nyepesi mno.

Nne, michezo yenyewe. Katika bustani ya Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka wa 2010, kuna gari la relini ambalo hufikia mwendo wa kilomita 240 kwa saa katika muda usiotimia sekunde tano. Watoto wa kijana huyu walikuwa wakilijua kwa jina. Gari kama hilo halimfai mja mzito hata kidogo, na bustani za namna hiyo duniani huweka mabango ya kumkataza. Sababu ni kwamba mshtuko wa kuondoka kwa ghafla na kusimama kwa ghafla, na chuma kinachobana tumbo, vyaweza kulifanya kondo la nyuma libanduke kabla ya wakati wake, na hapo mama na mtoto huwa hatarini wote wawili. Hukumu hiyo yaingia pia kwenye mitelezo mirefu ya maji, magari ya kugongana na pembea zinazozunguka kwa kasi. Mabwawa ya maji ya moto pia ayaepuke, kwani hupandisha joto la mwili.

Kuna mama atakayesema, "Sitapanda kitu, nitakaa tu niwatazame." Ni sawa, lakini tuulize: atakaa wapi, na pamoja na nani? Mara nyingi tumeona katika safari za familia mama akiachiwa mikoba, viatu na mtoto mdogo anayelia, akisimama juani saa nzima huku wengine wakicheza. Usiku hurudi kufua na kutafuta chakula. Hayo si mapumziko, ni kazi za nyumbani zilizohamishwa mji. Baba aliyeamua kusafiri na mja mzito na ajue kwamba watoto ni wake yeye siku hizo, na mizigo ni yake, na kiti cha kivulini akitafute yeye kabla ya kukata tikiti ya mchezo wowote.

Turudi kwa kijana wetu. Jioni ile bibi yetu alikwenda kumzuru mkewe, kwa kuwa yako mambo ambayo mwanamke humwambia mwanamke mwenziwe. Yule binti akasema kwamba wiki mbili zilizopita alikuwa akiumwa na kichwa kisichopoa, na pete haikuingia tena kidoleni kwa kuvimba. Hakumwambia mumewe. Alimwambia mavyaa yake kwa mzaha, akajibiwa kwamba wao zamani walizaa huku wakiteka maji. Basi akanyamaza.

Asubuhi yake walikwenda kliniki. Presha ilikuwa imepanda. Daktari akaeleza kwamba kuumwa na kichwa, kuvimba uso na mikono, na macho kuona ukungu vyaweza kuwa dalili za ugonjwa ambao mwisho wake ni kifafa cha mimba. Akamkataza kusafiri, akampa dawa, na akataka kumwona kila wiki.

Fedha za tikiti hazikurudi zote. Mavyaa alinuna kwa siku kadhaa, na yule mtoto mkubwa alilia. Hatutaficha hayo, kwani anayechagua salama mara nyingi huilipia, na hakuna atakayemwonyesha balaa iliyoepushwa ili apate kujifariji. Siku ya Jumamosi baba aliwachukua watoto peke yake akawapeleka Haller Park, Bamburi, wakalisha twiga, na kesho yake wakashinda ufuoni. Mama alibaki nyumbani, amelala ubavu, mlango umefungwa. Alimwambia bibi yetu kwamba hiyo ndiyo siku ya kwanza kupumzika tangu mwaka kuanza.

Hadi tunaandika haya, mtoto hajazaliwa. Twawaomba wasomaji wetu dua kwa ajili yao.

Kwa nyumba nyingine zinazopanga safari za Desemba, na ndani yake mna mja mzito, twanasihi haya. Muulizeni mwenyewe kabla ya kulipa chochote, mkiwa wawili faraghani, wala si mbele ya watoto wala ya wazazi. Tena mngojee jibu la maneno, si la kuinamisha kichwa. Nendeni kliniki kabla ya safari, na kijitabu cha kliniki kisafiri pamoja na pasipoti. Jueni hospitali iliyo karibu na mtakapolala. Damu yoyote, maji kuvuja, maumivu makali ya tumbo, homa, au mtoto kupungua kucheza tumboni, ni mambo ya kukimbilia hospitali saa ile ile, hata ikiwa tikiti za bustani zimo mfukoni. Kisha mama achukue ruhusa za Mola wake bila ya kuona haya: akiwa safarini apunguze na akusanye, na akishindwa kusimama asali ameketi, na sala yake ni kamili.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Luqman ameutaja udhaifu wa mama juu ya udhaifu anapobeba mimba, na akautaja pale anapotuusia wema kwa wazazi wawili. Mola aliyeumba ameutambua udhaifu huo. Si adabu sisi waume kujifanya hatuuoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wajawazito wetu, awafanyie wepesi siku yao, na aturuzuku kizazi chema. Amin.

Wabillahi tawfiq.