Gurudumu Lililo Hewani Halina Breki



Juma hili nataka tuzungumze juu ya miguu ya gari. Najua wengi wenu hamna gari. Lakini ni nani kati yetu asiyepanda gari la mwanawe, la jirani yake, au teksi ya kijijini? Mama akishikwa na uchungu usiku, hatuulizi injini ina nguvu kiasi gani. Twauliza kama gari litafika. Basi habari hii ni ya kila nyumba, na zaidi nyumba yenye kijana.

Mtoto wa dada yangu ni mchapa kazi. Alilima nyanya na vitunguu miaka mitatu, akauza na madume wawili aliopewa na baba yake, akanunua Toyota Vitz ya mtumba, aina ya RS, yenye injini ya lita 1.5. Ni gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, nalo lina nguvu kuliko Vitz za kawaida. Vijana hulipenda kwa kuwa ni jepesi na lina mbio.

Kijana huyu alitaka gari lake lishike barabara vizuri zaidi kwenye kona. Nia hiyo si mbaya hata kidogo. Gari linalomtii dereva ni salama kuliko lisilomtii. Kosa lilikuwa katika njia aliyoichagua. Aliona picha za magari ya Ulaya yaliyoinama karibu na lami, yenye rimu kubwa zinazong'aa, akaamini kuwa huo ndio ufundi wenyewe. Akapeleka gari kwa fundi mmoja mjini. Wakakata springi zote nne, kila moja mzunguko mmoja, gari likashuka. Wakavua rimu za inchi 15 wakaweka za inchi 17. Alipokuja kunionyesha alisema, “Shikamoo mjomba. Tazama, sasa ni gari la mashindano!” Nikaitikia marahaba, nikalisifu. Hapo nami nilikosa, maana nilisifu nisichokijua.

Ikaja masika. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili dada yangu alizidiwa na shinikizo la damu, na mwanawe akamtia garini ampeleke hospitali ya mjini. Kwenye mteremko wa kuingia korongoni barabara ilikuwa na mawimbi yale tunayoyajua, na shimo mwisho wake. Gari likaanza kurukaruka. Kijana akakata usukani, gari lisigeuke. Akakanyaga breki, likateleza. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, tairi ikapasuka na rimu ikavunjika. Mama mgonjwa alikaa njiani muda wa saa mbili, mvua ikinyesha, mpaka likapita gari la kubebea mchanga. Tunashukuru alipona. Lakini saa mbili ni nyingi mno kwa mtu wa shinikizo la damu.

Asubuhi kijana alinijia akiwa na macho mekundu. “Mjomba,” akasema, “nilikata usukani, gari likaenda lilikotaka lenyewe.” Sikumkaripia. Tulikwenda pamoja kwa mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Alilipandisha gari juu ya vigingi, akatazama chini, akasema, “Mwanangu, gurudumu lililo hewani halina usukani wala breki.” Neno hilo ndilo somo zima la leo. Yaliyobaki ni maelezo yake.

Gari lenu, hata liwe kubwa namna gani, limeshikamana na ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira, na kwa gari dogo kila kipande si kikubwa kuliko kiganja cha mkono. Kugeuka, kusimama na kuondoka, yote hutoka katika viganja hivyo vinne. Kwa hiyo kazi ya springi na shokapu si kumstarehesha abiria tu. Kazi yake kubwa ni kukirudisha kila kiganja ardhini upesi kila kinapoinuliwa na jiwe au wimbi.

Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi uzito. Huituliza springi isiendelee kucheza. Ukikata springi, mizunguko iliyobaki ni michache, hivyo inakuwa ngumu zaidi, na nafasi ya gurudumu kupanda inapungua. Gari hugonga mwisho wa safari yake kwa kila shimo. Tena ukiliinua kwa jeki, springi fupi yaweza kulegea mahali pake. Kwenye lami laini kama meza labda dereva asione hasara. Kwenye barabara zetu za vumbi na makorongo, gari la namna hiyo hucheza ngoma tu.

Sasa tuje kwenye rimu. Chukueni kalamu, kama darasani. Tairi za kwanza za gari lile ziliandikwa 185/55R15. Maana yake, upana ni milimita 185. Kimo cha ubavu wa mpira ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu milimita 102. Na rimu ni ya inchi 15. Tairi mpya ziliandikwa 205/40R17. Pigeni hesabu: asilimia 40 ya 205 ni milimita 82. Kijana alilipa fedha nyingi ili apunguziwe milimita 20 za mpira kati ya rimu na mawe ya Terrat! Ubavu mfupi huifanya tairi isipinde kwenye kona, na kwa lami hiyo ni faida. Lakini ubavu huo ndio mto wa kwanza wa kupokea shimo. Ukiwa mwembamba, pigo lote huangukia rimu. Zaidi ya hayo, rimu na tairi kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito huo haubebwi na springi. Gurudumu zito likirushwa juu huchelewa kurudi chini, na wakati huo wote halina breki.

Labda kijana atasema, “Huyu karani anatuonea wivu.” Basi tuwatazame mabingwa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na miaka ile ya kwanza njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 yalishindwa na Bert Shankland, mkaaji wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404. Gari hilo halikuinama chini. Lilikuwa gari la familia lenye springi laini za kwenda mbali juu na chini, na ndiyo maana wazee wetu walilipenda kwa njia mbovu.

Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha nchini Kenya, baada ya kukosekana tangu 2002. Mshindi alikuwa Sébastien Ogier katika Toyota Yaris. Mwaka 2022 akashinda Kalle Rovanperä, na Yaris zikachukua nafasi zote nne za kwanza; mwaka 2023 zikafanya vivyo hivyo. Na Yaris ni nani? Ni jina ambalo Vitz iliuzwa nalo Ulaya, mpaka mwaka 2020 Toyota walipoliacha jina la Vitz hata kwao Japani. Kweli gari la mashindano limeundwa upya karibu lote. Lakini sikilizeni jambo hili: kwenye njia za lami magari hayo huvaa rimu za inchi 18, na kwenye njia za udongo huvaa za inchi 15, zenye tairi 205/65. Fanyeni hesabu tena: ubavu wake ni milimita 133. Matajiri wale, ambao wangeweza kununua rimu yoyote duniani, wakija kwenye vumbi letu huchagua rimu ndogo na mpira mnene, na gari huinuliwa badala ya kushushwa. Kijana wangu aliposikia hayo alinyamaza muda mrefu.

Mzee fundi alitengeneza kwa taratibu hii, nami nawapa kama nilivyoiandika.

Kwanza, matairi. Bahati njema rimu za zamani za inchi 15 zilikuwa bado nyumbani, chini ya uvungu. Zilivikwa tairi mpya 185/60R15, ambazo ubavu wake ni milimita 111. Gurudumu zima limekua kidogo, hivyo mshale ukionyesha mwendo wa 80, gari linakwenda zaidi ya 82, dereva akumbuke. Kabla ya kulipa, walijaza watu wanne wakazungusha usukani mpaka mwisho huku na huku, wahakikishe mpira haugusi mahali. Ukinunua tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT: 2324 ni juma la 23 la mwaka 2024. Tairi ya zamani, hata ikiwa na meno, mpira wake hukakamaa. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Pili, bushi na boljointi. Zikilegea, gurudumu hutazama linakotaka, na fedha ya springi mpya itakuwa imetupwa.

Tatu, springi zisizokatwa, zenye kimo na ugumu wa gari lile, pamoja na shokapu mpya. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto. Ukitaka kuipima nyumbani, kandamiza kona ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likipanda na kutulia, bado ni nzima. Likiendelea kuyumba, imekufa.

Nne, alaimenti. Baada ya kugusa vyuma hivyo vyote, magurudumu lazima yanyoshwe kwa mashine, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja. Na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Spesa za kusukuma magurudumu nje mzee alizikataa, kwa sababu huzidishia beringi mzigo. Kijana alitaka pia chuma kinene zaidi cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Mzee akamjibu, “Endesha kwanza miezi sita.” Mpaka leo hakukitaka tena.

Jumamosi iliyopita alinichukua kwenda mjini kwa njia ile ile ya korongoni. Mawimbi yalikuwepo, shimo lilikuwepo, na mama yake alikuwa amekaa kiti cha mbele. Gari lilishuka likinyamaza, likageuka lilipoambiwa kugeuka. Dada yangu hakujua kwamba tumekwisha kupita mahali pale mpaka alipoona nyumba za ng'ambo.

Wazazi, msiwacheke vijana wenu kwa kupenda magari. Kaeni nao, waulizeni maswali, na msisifu msichokijua kama nilivyofanya mimi. Nanyi vijana, kabla ya kuuza dume la baba kwa ajili ya kitu king'aacho, jiulizeni: je, kitu hiki kitaliweka gurudumu ardhini, au kitalirusha hewani?

Nawatakieni safari njema, mpaka juma lijalo.