ADA IMEFUTWA, MTOTO YU WAPI?

Ndugu zetu wa Njombe na Makambako, wako wasemao kwamba tangu Serikali ilipofuta ada mpaka Kidato cha Nne, mwaka 2016, jirani hana kazi tena. Twakataa. Kufutwa kwa ada hakukumpa mtoto uji, wala hakukumzuia dalali ampandishaye basi pale Makambako kwenda Dar es Salaam kuwa mtumishi wa nyumbani. Basi hilo twaliona sote, nasi twanyamaza. (Na baadhi yetu wenye mishahara ndio tuwaajirio watoto hao!) Twataka kila mtaa umwulize mzazi siku ile ile mtoto aonekanapo katika shamba la viazi saa za masomo, na kila nyumba itoe debe lake la mahindi kwa chakula cha shule. Mwalimu peke yake ataandika “hayupo” mpaka lini?