Haki Ianzie Mahakama ya Mwanzo

Mwaka 1907, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, Wajerumani waliwalazimisha wanaume wa Usambara kuchukua kipande na kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Mkulima wa Kisambaa hakuulizwa. Leo mji huo huo ndio wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na hilo si jambo dogo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1984, na mwaka huo huo haki hizo zikaingizwa katika Katiba. Lakini Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kupeleka shauri lake moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha. Mwaka mmoja baadaye mlango huo ukafungwa kwa mashauri mapya. Ni dhahiri kwamba mzigo umewaelemea zaidi mahakimu wa nyumbani. Mjane wa Mlalo anayenyang'anywa shamba hahitaji kusomewa mikataba. Anahitaji hakimu anayemsikiliza kabla ya kuhukumu.

Wala mzigo huo si wa mahakimu peke yao. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu anayehatarisha amani awekwe ndani hadi saa 48, na inamtaka aandike sababu. Uwezo huo haukutolewa ili kumkomoa aliyeuliza swali mkutanoni. Watumishi walio naye ofisini ndio wa kwanza kujua kama sababu hizo zimeandikwa.