Madaraka ni Amana

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, walioathirika hawakuwa wakazi wa Dar es Salaam tu. Wanunuzi wa Zambia na Kongo nao huchukua bidhaa hapo. Wafanyabiashara hao walilalamikia kodi na kile walichokiita kamatakamata. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza hadharani, na alifanya vema.

Kilio cha mlipakodi ni cha kale. Mwaka 70 kabla ya Kristo, watu wa kisiwa cha Sicily walimshtaki huko Roma aliyekuwa gavana wao, Gaius Verres, kwa kuwatoza wakulima nafaka kupita sheria na kupora hata sanamu za mahekalu. Wakili wao, Cicero, alizunguka kisiwa kizima akikusanya mashahidi na vitabu vya hesabu. Ushahidi ulipoanza kumwagwa, Verres hakungoja hukumu. Alikimbia.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu. Vita, alisema, vipiganwe tu ili watu waishi kwa amani bila kudhulumiwa, na mazungumzo yatangulie silaha. Kiongozi alimfananisha na mlezi wa yatima: hutunza mali kwa faida ya yatima huyo, kamwe si kwa faida yake mwenyewe. Mwislamu wa Gerezani na Mkristo wa Msimbazi wote wanajua uzito wa kula mali ya yatima. Mwaka uliofuata Cicero aliuawa, kwa kuwa hakunyamaza mbele ya Mark Antony, mmoja wa wenye nguvu wa Roma.

Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, hakuutegemea wema wa moyo peke yake. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991. Huenda mengine yalibana mno, lakini msingi wake ulikuwa sahihi: binadamu akishika cha wengine bila kuulizwa, hujisahau.

Bado ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Basi mwenye duka Mtaa wa Kongo, na mchuuzi wa barazani pia, kila mgombea anapokuja kuomba kura, amwulize: una nini leo, na utakubali tukuulize tena ukiondoka?