Alama za PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) Hazitoshi Kumpata Daktari

Kila nikisema waombaji wa shahada ya udaktari wafanyiwe usaili, jibu la kwanza huwa hili: mgonjwa anataka kupona, hahitaji kuchekewa. Wasemao hivyo wanadhani mazungumzo ni pambo la tiba. Mwaka 1975 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa mwenyewe yalitosha kuujua ugonjwa. Na maelezo hayaji yenyewe. Mama akikaa kitini na kusema ana chango, huenda anazungumzia maumivu ya hedhi, minyoo, kukosa mtoto, au uchafu unaomtoka ambao anaona haya kuutaja mbele ya kijana aliyesimama pembeni na koti jeupe. Daktari anayemkata kauli ataandika "maumivu ya tumbo", atampa dawa ya minyoo, na ugonjwa utarudi naye nyumbani. Hayo ni matibabu mabovu, hata kama aliyeyatoa alipata A tatu.

Wengine husema: lugha nzuri hufundishwa, mwacheni kwanza aingie chuoni. Ni kweli hufundishwa, na ifundishwe zaidi. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulilinganisha madaktari 235 walioadhibiwa na bodi za leseni na wenzao 469 wasioadhibiwa. Asilimia 39 ya walioadhibiwa walikuwa wamekwisha kuandikwa kwa mwenendo usiofaa wangali wanafunzi. Kwa wenzao ilikuwa 19. Miaka yote ya mafunzo haikuifuta tabia hiyo.

Hoja ninayoiheshimu ni ya haki. Nchini Kenya, KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo, huwapanga kwa alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Mtoto wa mvuvi wa Lamu na mtoto wa waziri hupimwa kwa mizani moja. Leteni usaili, tunaambiwa, na vimemo vitafuata. Hofu hiyo ni ya kweli, nami sitaki usaili wa wazee watatu mezani wanaomuuliza kijana baba yake ni nani. Ila upo usaili wa namna nyingine. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilibuni mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu ambao mwombaji huzunguka vituo vipatavyo kumi, dakika chache kila kimoja, na kila kituo kina msaili wake anayetoa alama peke yake. Kimemo kikimfikia mmoja, kitagusa takriban sehemu moja ya kumi. Isitoshe, alama zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni: mmoja kasoma shule yenye maabara na mwalimu wa fizikia, mwingine majaribio ya kemia kayaona ubaoni tu.

Na utu unapimika? Ubelgiji waliwaonyesha waombaji video za daktari na mgonjwa, wakawauliza wangefanya nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba majibu yale yalisaidia kubashiri jinsi watu hao walivyohusiana na wagonjwa miaka 7 na hata 9 baadaye.

Kuhusu madai kwamba tunataka kuwaingiza wasiojua sayansi, jibu ni fupi: hapana. Asiyeiweza kemia asimpimie mtoto dozi. Kiwango cha ufaulu kibaki palepale kilipo. Ninachozungumzia ni wale waliokwisha kukivuka wakiwa wamekaribiana kabisa, ambao leo swali moja la fizikia linaweza kumweka mmoja ndani na mwingine nje. Wapewe dakika 8 mbele ya mama mwigizaji, wamweleze kwamba dawa ya mwanawe imekwisha dirishani na duka la karibu limefungwa, kisha tuone nani anavuta kiti na kukaa.