Mwenye Nyumba Aitwaye Serikali

Kila unapozuka mjadala wa kengele za moshi katika nyumba za kupanga, vidole huelekezwa kwa mwenye nyumba binafsi, anayejali kodi kuliko roho ya mpangaji. Lawama hiyo siipingi. Ninachohoji ni kwa nini tunamsahau mwenye nyumba mwingine, Serikali.

Tuitazame England. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, kanuni zinamlazimu mpangishaji binafsi kufunga kengele ya moshi katika kila ghorofa ya makazi, na kuhakikisha inafanya kazi siku mpangaji anapoingia. Anayekaidi agizo la halmashauri hutozwa faini ya hadi pauni 5,000. Hekima yake iko wazi: aliyelala hainusi moshi, na moshi huweza kumuua kabla miali haijamfikia. Hata hivyo, wapangishaji wa nyumba za umma, halmashauri zikiwamo, hawakubanwa na kanuni hizo hadi tarehe 1 Oktoba 2022. Kwa miaka saba, halmashauri iliweza kumtoza mwingine faini kwa jambo ambalo yenyewe, ikiwa mpangishaji, haikulazimishwa na kanuni hizo kulitenda. Mganga hajigangi.

Afrika nako tuna kovu letu. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, moto katika jengo la Usindiso, Johannesburg, uliua watu 76, Watanzania wakiwamo. Jengo hilo, lililotelekezwa likawa makazi holela, lilikuwa mali ya Jiji. Tume ya Jaji Sisi Khampepe ililibebesha Jiji dhamana kwa kushindwa kusimamia sheria za usalama katika mali yake lenyewe.

Wapo watakaosema kengele ni gharama, na kwamba mwenye nyumba ataihamishia kwenye kodi ya mpangaji. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana nashauri sheria yoyote ya namna hii ianzie kwenye nyumba za watumishi wa umma na mabweni ya vyuo vya umma. Serikali itakayoanza kulipa yenyewe ndiyo itakayojua bei halisi, na nani wa kubadilisha betri. Nayo itapata uhalali wa kugonga mlango wa mwenye nyumba wa Manzese au Kawangware.

Wanafunzi wangu, nanyi watumishi wa umma mnaokaa katika nyumba hizo: leo usiku, kabla ya kuzima taa, inueni macho mtazame dari. Kisha mwandikieni mwenye nyumba wenu.